Mfamasia Naye Ni Mgonjwa: Mwongozo Kamili wa Kulinda Afya na Umri Katika Kazi ya Dawa

Ukimuuliza mfamasia presha ya mteja wake wa kila mwezi, huenda akaitaja bila kufungua daftari. Ukimuuliza yake mwenyewe, jibu la kawaida ni kwamba iko sawa, ingawa hakumbuki ni lini alijipima kwa mara ya mwisho. Hana faili katika kliniki yoyote, hana daktari anayemfahamu, na kila anapoumwa shauri lake huishia kwenye kabati lililo nyuma ya mgongo wake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote za kazi hii, kubwa kuliko hata kusimama kutwa au kukesha, kwa sababu madhara mengine yote huonekana mapema kwa mtu anayepimwa na mwenzake na huchelewa kuonekana kwa mtu anayejitibu.

Mwongozo huu ni wa wafamasia, wateknolojia dawa na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, wawe wameajiriwa au wanamiliki duka. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara; Zanzibar, Kenya na nchi nyingine zina sheria zao, lakini miguu, moyo na usingizi hufuata kanuni zilezile kila mahali. Msomaji asiye na nafasi ya kutekeleza yote aanze na hatua ya kwanza, ya pili na ya sita.

Madhara yanapita wapi

Kazi ya dawa kwa jina lake haimpunguzii mtu umri. Tena ina mambo yanayomsaidia kuishi zaidi: elimu, kipato kilicho afadhali kuliko cha wengi, na ujuzi wa kutambua dalili ambazo mtu mwingine angezipuuza. Kinachodhuru ni namna kazi hiyo inavyofanywa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba kufanya kazi saa nyingi kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na vya ugonjwa wa moyo unaotokana na kuziba kwa mishipa katika mwaka 2016 pekee. Wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki walionekana kuwa na hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa huo wa moyo iliyozidi kwa asilimia 17, wakilinganishwa na wanaofanya saa 35 hadi 40. Sasa chukua duka linalofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku, siku sita kwa wiki, likiwa na mtoa dawa mmoja. Hizo ni saa 84.

Njia ya pili haionekani katika saa. Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alieleza kwamba kazi inayomchosha mtu zaidi ni ile inayomdai mengi huku ikimnyima uamuzi juu ya namna ya kuyatekeleza. Utafiti wa pili wa Whitehall, uliowafuatilia zaidi ya watumishi wa serikali 10,000 mjini London kuanzia 1985, ulionyesha baadaye kwamba waliokuwa na uamuzi mdogo kazini walipata zaidi ugonjwa wa moyo. Anayekaa kwenye dirisha la dawa la hospitali haihitaji nadharia hiyo ili aielewe hali yake: foleni hakuipanga yeye, dawa iliyokwisha stoo hakuiagiza yeye, cheti cha dawa kisichosomeka hakukiandika yeye, lakini hasira ya mgonjwa humwangukia yeye. Kwa hiyo katika kila hatua inayofuata lipo swali moja la kujiuliza, nalo ni jambo gani hapa naweza kuliamua mwenyewe, hata likiwa dogo.

Hatua ya kwanza: Kuwa mgonjwa wa mtu mwingine

Chagua kituo cha afya ambacho si mahali pako pa kazi, ufungue faili, na umweleze daktari kazi unayoifanya pamoja na dawa zote ulizomeza katika miezi mitatu iliyopita, zikiwemo zile za kidonge kimoja ulichokichukua kwa haraka kabla ya kufungua duka. Mwombe akuhudumie kama anavyomhudumia mteja mwingine yeyote. Wafamasia wengi huharibu mashauriano yao wenyewe kwa kuingia chumbani na jina la dawa wanayoitaka, na daktari kwa heshima ya taaluma huandika alichoambiwa.

Kabla ya kwenda, pima presha yako nyumbani kwa siku saba, asubuhi na jioni. Kaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano, nyayo zikiwa sakafuni, miguu isipishane, mkono ulio wazi ukiegemea meza ili mkanda uwe usawa wa moyo. Usizungumze, na usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, na uandike zote mbili. Ondoa vipimo vya siku ya kwanza, kisha utafute wastani wa vilivyobaki. Wastani wa 135 kwa 85 au zaidi kwa vipimo vya nyumbani unahitaji kuonwa na daktari hata kama hujisikii vibaya. Kipimo kinachofika 180 kwa 120, hasa kikiambatana na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kinahitaji hospitali siku hiyohiyo. Kipimo kilichochukuliwa ukiwa umesimama nyuma ya kaunta, kati ya mteja mmoja na mwingine, hakisemi lolote la kutegemewa.

Pamoja na presha, omba kupimwa sukari, kreatinini kwa ajili ya figo, mafuta kwenye damu na homa ya ini B. Ikiwa huna maambukizi wala kinga ya homa ya ini, pata chanjo tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Kama umeajiriwa, ulizia pia upimaji wa afya unaosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi chini ya sheria ya 2003, na uombe nakala ya majibu yako uiweke kwenye faili lako.

Hatua ya pili: Andika saa zako, kisha uzitetee

Kwa wiki mbili andika saa uliyoingia, saa uliyotoka, dakika ulizokaa ukila na saa uliyolala. Usikadirie mwishoni mwa wiki, kwa sababu mtu aliyezoea kuchoka hukadiria chini. Mwisho wa zoezi utakuwa na tarakimu ambazo mwajiri anaweza kuzijadili, badala ya malalamiko ambayo ni rahisi kuyaahirisha.

Linganisha tarakimu hizo na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi tisa kwa siku, 45 kwa wiki na siku sita kwa wiki. Pamoja na saa za ziada, siku moja haiwezi kuzidi saa 12. Saa za ziada zenyewe hazizidi 50 katika kila wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano ana haki ya kupumzika dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine ziwepo saa 12 za mapumziko, na kila wiki saa 24. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Liko jambo moja la kuangalia: baadhi ya vifungu hivi vya saa havimhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mfamasia msimamizi asome mkataba wake kabla ya kudai.

Katika mazungumzo, nimeona hoja ya makosa ikisikilizwa upesi kuliko hoja ya uchovu. Mwajiri anayesema kwamba kila mtu amechoka hubadilika anapoonyeshwa kwamba vyeti vitatu vilivyotolewa dawa isiyo yake vilitoka baada ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo daftari lako la saa liwe na safu ya makosa yaliyotokea na yale yaliyodakwa kabla dawa haijatoka, bila majina ya wagonjwa. Lete pendekezo pia: zamu mbili zinazopishana saa ya msongamano, au dirisha moja kufungwa kwa zamu wakati wa chakula huku jingine likiendelea.

Ile saa moja ya mapumziko itumie kwa kula, na kula kwenyewe kupangwe. Mlo wa kazini wa watu wengi wa dawa ni chai ya maziwa yenye sukari nyingi na chapati asubuhi, kisha hakuna kitu hadi saa kumi alasiri, ndipo inapokuja sahani ya chipsi mayai na soda. Ukiurudia mlo huo kwa miaka kumi pamoja na kusimama na usingizi mfupi, kisukari kinakuwa na mlango mpana wa kuingilia. Beba chakula cha nyumbani chenye maharage, mboga na samaki au yai, na ule kabla ya saa nane mchana. Weka chupa ya maji mahali unapoiona. Wanawake hasa hupunguza kunywa maji ili wasilazimike kwenda chooni kukiwa na foleni, na wengi wao hupata maambukizi ya njia ya mkojo mara kwa mara bila kuhusisha mambo hayo mawili. Kubanwa si sehemu ya huduma kwa mteja.

Hatua ya tatu: Miguu, mgongo na shingo

Jioni, kabla ya kufunga, kaa chini, shusha soksi na ukandamize kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde kumi, kisha uachie. Kishimo kikibaki, maji yamejaa mguuni. Uvimbe wa miguu yote miwili unaoisha baada ya kulala kwa kawaida hutokana na kusimama. Uvimbe usioisha asubuhi, au unaoambatana na kuhema, unataka uchunguzi wa moyo na figo. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, unaweza kuwa na damu iliyoganda na usingoje kesho. Na kama unatumia amlodipini, dawa ya presha, kumbuka kwamba nayo huvimbisha vifundo vya miguu, jambo ambalo ungemweleza mteja kwa ufasaha lakini huenda hukujieleza mwenyewe.

Marekebisho ya mahali pa kazi hayagharimu sana. Weka kiti kirefu nyuma ya kaunta ili uweze kukaa nusu wakati wa kuandika lebo na kujaza leja. Chini ya kaunta weka kibao cha kukanyagia chenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, upandishe mguu mmoja na kubadilisha kila baada ya dakika chache, kwa kuwa mgongo wa chini hupumzika nyonga inapojikunja kidogo. Kwenye sakafu ya vigae tandika zulia nene la mpira. Sinia ya kuhesabia vidonge iinuliwe hadi karibu na kimo cha kiwiko. Ikiwa chini sana, shingo huinama mamia ya mara kwa siku, na maumivu yanayotokea mabegani hutibiwa kwa vidonge badala ya kutibiwa kwa kibao. Soksi za kubana zenye nguvu ya milimita 15 hadi 20 za zebaki zivaliwe asubuhi kabla miguu haijavimba na zivuliwe wakati wa kulala, isipokuwa kwa mwenye kisukari kilichoathiri miguu au mwenye mishipa iliyoziba, ambaye aulize kwanza.

Katoni yenye chupa 24 za dripu za mililita 500 ina uzito unaozidi kilo 12, hivyo ziwekwe kwenye rafu za usawa wa kiuno, si juu wala sakafuni. Nje ya kazi, Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kusimama hakuhesabiwi humo. Kutembea kwa kasi dakika 30 kutoka kazini, kwa siku tano, kunatimiza kiwango cha chini.

Hatua ya nne: Vumbi la dawa

Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden aliyekuwa miongoni mwa wagunduzi wa oksijeni, alikuwa na desturi ya kuonja na kunusa kemikali alizozitengeneza. Alifariki 1786 akiwa na miaka 43. Hakuna anayeonja dawa siku hizi, lakini wapo wengi wanaolamba kidole ili kufungua bahasha ya dawa, kwa kidole kilekile kilichotoka kusukuma vidonge kwenye sinia.

Mfano ulio karibu nasi ni haidroksiyurea, inayotumiwa kwa watoto wenye selimundu. Kapsuli iliyozoeleka ni ya miligramu 500 na mtoto huhitaji kidogo kuliko hiyo, hivyo mtoa dawa huifungua kwa kucha na kumimina unga ili augawe. Sehemu ya unga hubaki kwenye kingo za sinia, feni ya juu ya kaunta hupeperusha nyingine, na vidonge vya mgonjwa anayefuata huhesabiwa humohumo. Dawa hiyo iko katika kundi la dawa za saratani, nayo huzuia chembe za mwili kugawanyika. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kuhusu kushika dawa za aina hiyo mwaka 2004. Methotreksati, inayotolewa kwa wagonjwa wa baridi yabisi, iko katika kundi hilohilo.

Utaratibu wa kufuata ni huu. Usifungue kapsuli hizo wala kukata vidonge hivyo kwenye kaunta. Tafuta dawa ya kipimo kidogo, au ipelekwe itengenezwe katika hospitali yenye chumba na vifaa vya kazi hiyo. Tenga sinia na kijiko bapa kwa ajili ya dawa hizi pekee, uviandike. Vaa glovu, zima feni, na ukimaliza futa sinia kwa kitambaa kilicholowa, kisha uioshe kwa maji na sabuni. Usipulize wala kufagia vumbi kwa brashi kavu. Nawa mikono kwa maji na sabuni hata kama ulivaa glovu, kwa sababu spiriti huua vijidudu lakini haiondoi dawa kwenye ngozi. Mjamzito, anayetarajia kushika mimba na anayenyonyesha wapangiwe kazi nyingine, na wasilazimike kueleza sababu mbele ya wote.

Vumbi la penisilini na la dawa za jamii yake linaweza kuamsha pumu na mzio. Anayeanza kukohoa au kuwashwa akiwa kazini, kisha akapata nafuu siku za mapumziko, aliandike jambo hilo kwenye faili lake. Wateja nao hukohoa, hivyo panga kaunta ili hewa ya dirishani itoke upande wako kwenda upande wao, na wewe ukikohoa wiki mbili nenda upimwe kifua kikuu badala ya kufungua dawa ya kikohozi ya tatu. Ukichomwa na sindano, osha mahali hapo kwa maji na sabuni bila kukamua, na uanze dawa za kinga ya virusi vya Ukimwi mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72. Mwajiri aarifiwe siku hiyohiyo kwa maandishi, kwani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa majeraha na magonjwa yanayotokana na kazi, na michango yake hutolewa na mwajiri.

Hatua ya tano: Zamu za usiku

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza mwaka 2007, na kurudia mwaka 2019, kwamba kazi ya zamu za usiku yaelekea kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Hilo halimaanishi kwamba anayekesha ataugua. Lina maana kwamba idadi ya usiku inafaa kupunguzwa pale inapowezekana. Omba usiku usiozidi mitatu mfululizo. Lala kidogo alasiri kabla ya kuingia, kula mlo mwepesi, na acha kahawa saa sita kabla ya kulala. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri umakini huwa chini kabisa, hivyo insulini, wafarini ya kuzuia damu kuganda, mofini na dozi za watoto zihesabiwe mara mbili katika kipindi hicho, ikiwezekana na mtu wa pili. Ukitoka usiendeshe pikipiki wala gari. Kisheria usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi.

Hatua ya sita: Funga kabati lako mwenyewe

Weka kanuni moja, nayo isivunjwe: hakuna dawa inayotoka kwenye rafu kuingia kinywani mwako bila kuandikwa katika daftari la mauzo, kulipiwa, na kutolewa na mwenzako. Anayefanya kazi peke yake amwombe mfamasia wa duka la jirani. Kanuni hii inaudhi, hasa kichwa kinapouma na parasetamoli iko umbali wa mkono, lakini ndiyo inayokuwezesha kuona mwishoni mwa mwezi ni vidonge vingapi umevimeza.

Mfuatano wa kawaida huanza na maumivu ya miguu na mgongo. Mtu humeza diklofenaki, dawa ya maumivu, mara mbili tatu kwa wiki, kisha kila siku. Dawa hiyo huzuia chumvi na maji visitoke mwilini, hupandisha presha, na hupunguza nguvu ya dawa ya presha, enalaprili au losartani, ambayo huenda anaitumia. Ikikutana na dawa hizo pamoja na ya kukojosha, figo hupata pigo la pande tatu. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Umoja wa Ulaya walielekeza kwamba diklofenaki isitumiwe kabisa na wenye ugonjwa mkubwa wa moyo. Tumbo likianza kuwaka, huongezwa omeprazoli, ambayo ikitumiwa kwa miaka inaweza kupunguza magnesiamu na vitamini B12. Hapo mtu anameza dawa tatu kwa tatizo lililoanzia kwenye kaunta isiyo na kiti. Maumivu yanayodai dawa kwa zaidi ya wiki mbili ni ya kupeleka kliniki, na homa ni ya kupima malaria kwanza, sawasawa na unavyomwambia mteja.

Tramadoli ya maumivu, diazepamu ya kutuliza na dawa za kikohozi zenye kodeini zinahitaji neno la peke yake. Anayezitumia ili alale baada ya zamu, au ili afike mwisho wa siku, ajihoji mambo matatu: je, kipimo kimeongezeka, je, hujisikia vibaya asipoipata, na je, amewahi kurekebisha leja ili hesabu ilingane? Jibu la ndiyo katika lolote kati ya hayo linatosha kumpeleka kwa daktari. Asiache diazepamu ghafla, kwa sababu degedege linaweza kutokea. Hupunguzwa taratibu chini ya uangalizi. Tanzania ina madaktari wenye uzoefu wa kutibu uraibu wa dawa, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011. Anayejitokeza kabla hesabu haijafichuliwa na mkaguzi ana nafasi kubwa zaidi ya kuokoa afya yake na leseni yake pia.

Hatua ya saba: Hofu ya kosa

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuchakaa kwa mtu kutokana na kazi kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Katika kazi ya dawa alama ya pili huonekana mapema. Mtu aliyekuwa akieleza matumizi ya dawa kwa subira huanza kusema maelezo yote yamo kwenye karatasi.

Hofu inayowachosha watu wa dawa ni ile inayokuja usiku: nilimpa yule mama miligramu ngapi? Itibu kwa utaratibu wa kufunga siku. Dakika kumi za mwisho, pitia vyeti vya dawa hatari na hesabu za stoo, saini, kisha ondoka. Tenganisha kwenye rafu dawa zenye majina au maboksi yanayofanana, na simu yako ikae mbali na sinia. Kosa likitokea, mgonjwa atafutwe kwanza na daktari wake aarifiwe, kisha liandikwe kama lilivyotokea, na siku ifuatayo wote wajadili lilipitia wapi. Aliyefanya kosa asiachwe peke yake jioni hiyo. Huzuni au kukosa usingizi kunakodumu wiki mbili ni ugonjwa wenye tiba. Mawazo ya kujidhuru yanataka msaada saa hiyohiyo, na kwa kuwa mtu wa dawa ana funguo za kabati la dawa hatari, azikabidhi kwa mwenzake kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya nane: Kwa mwenye duka

Mmiliki hana sheria ya kumlinda dhidi yake mwenyewe, na mara nyingi ndiye anayefanya saa nyingi kuliko wote. Fanya hesabu ya wazi: mauzo ya kila saa kwa mwezi mmoja, faida iliyomo, na mshahara wa mtoa dawa wa pili mwenye sifa zinazokubaliwa na Baraza la Famasi. Katika maduka mengi ya mtaani zipo saa ambazo faida yake haifiki hata gharama ya umeme na ulinzi, na aghalabu ni zile za mwisho wa usiku, ambazo pia zina hatari ya ujambazi. Zifute. Fedha ziende benki au kwenye simu kabla ya giza, na wanaofunga wawe wawili.

Jisajili katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kama mchangiaji wa hiari, na ukate bima ya afya ungali mzima. Kisha chagua siku moja ya kufunga kwa kuangalia daftari la mauzo la miezi mitatu. Bandika tangazo mlangoni wiki mbili kabla, likitaja duka la jirani litakalokuwa wazi siku hiyo, waarifu kwa simu wateja wako wa insulini na wa presha ili wachukue dawa mapema, na ukubaliane na jirani huyo kwamba siku yake ya kupumzika utawapokea wateja wake.